Moto unaokula kila kitu isipokuwa injini yake

Leo tuache siasa kidogo, ndugu zangu, tuzungumze habari za moto.

Roketi ikipaa kwenye televisheni, macho ya wengi huenda kwenye ule mwali mkubwa unaotoka mkiani. Lakini kuna swali ambalo watangazaji huwa hawaligusi: kile chuma kinachoushika ule moto, mbona hakiyeyuki? Ndani ya injini kubwa ya roketi joto hufika nyuzi 3,300 za Sentigredi hivi. Chuma cha pua huanza kuyeyuka kwenye 1,400 na kitu. Shaba huyeyuka kwenye 1,085 tu. Na bado baadhi ya injini zenye nguvu kuliko zote duniani zimetengenezwa kwa shaba upande wa ndani, palepale penye moto.

Jibu lake lipo jikoni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa uliokolea ukipata upepo unazidi hapo. Mbona sufuria haiyeyuki? Kwa sababu ina maji. Maji yanalibeba joto na kuondoka nalo. Yakikauka ukaisahau sufuria jikoni, kinachofuata unakijua mwenyewe. Sasa injini ya roketi ni sufuria isiyoruhusiwa kukaukiwa hata kwa nukta moja, na kinachoipoza si maji. Ni mafuta yake yenyewe, yaleyale yanayokwenda kuungua.

Kilichonivuta kwenye historia hii si ukubwa wa mashine zenyewe. Ni namna zinavyozidi kuwa rahisi kadiri miaka inavyokwenda. Mara nyingi injini mpya ina vipande vichache kuliko ile iliyoitangulia. Lakini kila kipande kilichoondolewa kilikuwa na bei, na wapo waliolipa bei hiyo bila hata kuulizwa. Nitawafikia.

Kwanza tuelewane kuhusu injini yenyewe. Roketi hubeba mafuta na oksijeni yake, kwa sababu huko juu hakuna hewa. Oksijeni hupozwa mpaka iwe kimiminika. Pampu huvisukuma vyote viwili kwenye kinyunyizio, ambacho ni sahani yenye vitundu vingi, kama kichwa cha bomba la mvua bafuni. Vinakutana kwenye chumba cha mwako, vinaungua, na gesi hutoka kwa kasi kupitia ile kengele ya nyuma. Gesi inakwenda chini, roketi inakwenda juu. Basi. Nadharia yake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaielewa. Kazi ni kuufanya mwako huo uendelee dakika mbili bila kila kitu kugeuka uji.

Njia za kujikinga ni kama tatu. Ya kwanza ni kuzungusha mafuta kwenye kuta za injini kabla hayajaungua, kama rejeta ya gari, ila hapa joto lililochukuliwa halitupwi, linarudi kwenye mwako. Ya pili ni kumwaga mafuta kidogo ubavuni mwa ukuta kwa ndani, yatandaze utando unaoutenga ukuta na moto. Ya tatu ni kuupaka ukuta kitu kinachoungua taratibu, kama gogo ambalo nje limekuwa mkaa na ndani bado bichi. Hii ya tatu ni rahisi, lakini gogo huisha.

Wazo la kwanza ni la zamani. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Urusi aliyekuwa kiziwi kwa sehemu kubwa, aliliandika mwaka 1903, kabla ya roketi yoyote ya kimiminika kuruka. Wa kuirusha alikuwa Mmarekani Robert Goddard, tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, Massachusetts. Ilikaa hewani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi, ikaanguka kwenye shamba la kabichi. Kwa sekunde mbili na nusu hata sufuria tupu huvumilia. Shida ilikuwa dakika moja.

Kijana mmoja wa Marekani, James Wyld, ni miongoni mwa walioonyesha kuwa rejeta ya mafuta inafanya kazi. Desemba 1938 aliwasha injini ndogo ambayo mafuta yake yalizunguka ukutani kabla ya kuungua, na injini ikabaki nzima. Mwaka 1941 yeye na wenzake watatu wakaanzisha kampuni ya Reaction Motors. Injini yao ndiyo iliyoisukuma ndege ya Bell X-1 tarehe 14 Oktoba 1947, siku Chuck Yeager alipopita kasi ya sauti.

Lakini hatua kubwa ilikuwa imeshapigwa kwingine, na hapa hadithi inaingia giza.

Ujerumani, kwenye pwani ya Baltiki, mahali panapoitwa Peenemünde, jeshi lilikuwa linatengeneza kombora tulilokuja kulijua kama V-2. Mkuu wa roketi alikuwa Wernher von Braun, lakini injini ilikuwa kazi ya mkemia aliyeitwa Walter Thiel. Alitakiwa kutoa msukumo wa tani 25, wakati injini walizokuwa nazo zilitoa tani moja na nusu hivi. Hakuna aliyejua kinyunyizio cha ukubwa huo kinafananaje. Thiel akafanya kama mama mwenye wageni wengi na sufuria ndogo: akapanga nyingi. Alichukua vikombe 18 vya kunyunyizia, kila kimoja cha ukubwa uliokwisha kujaribiwa, akavipachika juu ya chumba kimoja cha mwako. Vikombe 18 vyenye mabomba yake. Ukiona picha utadhani ni kichwa cha pweza.

Mafuta yalikuwa alkoholi iliyochanganywa na maji, robo yake maji. Maji hayo hayakuwa ya kuchakachua. Yalipunguza ukali wa moto. Alkoholi ilipita kati ya kuta mbili za injini kuipoza, na nyingine ikapenyezwa kwenye vitundu vidogo kufanya ule utando wa ndani. Tarehe 3 Oktoba 1942 kombora liliruka vizuri kwa mara ya kwanza.

Thiel mwenyewe hakuwapenda wale pweza. Alitaka sahani moja bapa yenye vitundu, kitu ambacho kiwanda kingekitengeneza haraka. Walijaribu, lakini mwako uliyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1943 ndege za Uingereza ziliipiga Peenemünde, na Thiel akafa pamoja na familia yake. Kombora likaingia kiwandani na vikombe vyake 18.

Kiwanda kipi? Baada ya shambulio lile, utengenezaji ulihamishiwa kwenye mahandaki ya mlima karibu na mji wa Nordhausen. Waliofanya kazi humo walikuwa wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora: Warusi, Wapoland, Wafaransa na wengine. Mwanzoni walilala humohumo handakini, kwenye vumbi na baridi. Wafungwa wapatao 60,000 walipita kwenye kambi hiyo na matawi yake, na 20,000 hivi wakafa, kwa njaa, kwa maradhi, kwa kipigo, kwa kitanzi. Si wote walikufa wakiunda V-2, maana kambi ilikuwa na kazi nyingine pia. Lakini wanahistoria wanakubaliana juu ya jambo moja la kutisha: silaha hii iliua watu wengi zaidi wakati wa kuitengeneza kuliko ilipoanguka London na Antwerp.

Nimesoma makala nyingi za roketi. Wengi huwapa Dora mstari mmoja halafu wakakimbilia mwezini. Mimi naona ni mahali pa kukaa kidogo. Kila kitundu cha utando wa alkoholi kilitobolewa na mtu. Ukisoma kwamba muundo wa injini ulikuwa mgumu kutengeneza, jiulize ulikuwa mgumu kwa nani.

Na usidhani mambo hayo yaliishia 1945. Arthur Rudolph, aliyesimamia uzalishaji kule mahandakini, alikwenda Marekani na von Braun. Kuanzia 1963 mpaka 1968 alikuwa meneja wa mradi wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini. Mwaka 1984, baada ya wizara ya sheria ya Marekani kumchunguza kuhusu wale wafungwa, alikubali kuondoka nchini humo na kuuacha uraia. Hakufikishwa mahakamani.

Vita vilipoisha, washindi waligawana V-2 kama wanandugu wanaogombea mirathi. Na pande zote mbili zilikutana na mlango uleule uliomshinda Thiel: ukitanua chumba cha mwako, moto unaanza kuyumba. Zingatia jinsi kila upande ulivyotoka.

Wasovieti walijaribu chumba kimoja kikubwa, kikawatesa kwa mtetemo. Mhandisi Valentin Glushko akaamua kuacha ubishi. Alitengeneza vyumba vinne vidogo vinavyolishwa na pampu moja. Ndiyo injini ya RD-107, iliyoirusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, ikamrusha Yuri Gagarin 1961, na toleo lake jipya bado linazirusha Soyuz mpaka leo. Kuwasha je? Mafundi huingiza vijiti vya mbao vyenye baruti kutokea chini, kama njiti kubwa za kiberiti. Naam, mbao. Roketi inayokwenda kwenye kituo cha anga za juu huwashwa kwa mbao, na njia hiyo imetumika kwa miaka zaidi ya 60.

Wamarekani nao waliinakili injini ya V-2, wakaondoa vikombe 18 na kuweka sahani moja bapa. Ndoto ya Thiel ikatimia bila yeye. Injini iliyozaliwa hapo ndiyo ya roketi ya Redstone, iliyomrusha Alan Shepard tarehe 5 Mei 1961. Bado ilikuwa inakunywa alkoholi yenye maji.

Kisha wakataka mwezi, na mwezi ulitaka injini ambayo haijawahi kuonekana.

Hiyo ni F-1, ya kampuni ya Rocketdyne. Moja ilikuwa na msukumo wa tani 690 hivi, na Saturn V ilibeba tano. Kila moja ilikula tani mbili na nusu za mafuta ya taa na oksijeni kwa sekunde. Mafuta ya taa, ndiyo, ndugu wa karibu wa yale ya kibatari, yaliyosafishwa zaidi. Pampu yake ilikuwa na nguvu ya farasi 55,000.

Ukuta wake haukuwa karatasi mbili za chuma kama V-2. Ulikuwa ni mirija 178 ya aloi ya nikeli, iliyopangwa kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo na kuunganishwa kwa kulehemu kwenye tanuru, kisha kila mrija ukigawanyika miwili huko chini kengele inakopanuka. Karibu asilimia 70 ya mafuta ilipita kwanza kwenye mirija hiyo kabla ya kuungua. Sehemu ya mwisho kabisa ya kengele haikuwa na mirija. Iligubikwa na moshi uliotoka kwenye turbini ya pampu, wenye joto dogo kuliko mwali wenyewe. Uchafu wa pampu ukawa blanketi.

Hapa ndipo patamu. Mafuta yaleyale ya taa yalilainisha pia beringi za pampu. Na yaleyale, yakiwa na shinikizo kutoka kwenye pampu, yalifungua vali na kuielekeza injini kushoto na kulia, kazi ambayo kwingine ingehitaji mfumo mwingine wa haidroliki wenye mafuta yake, tanki lake na pampu yake. Kitu kimoja, kazi nne: kuungua, kupoza, kulainisha, kusukuma. Urahisi wa kihandisi ndiyo huo. Si kufanya kazi chache, ni kukitafutia kazi nyingine kitu ambacho tayari unacho.

Lakini moto uliyumba. Tarehe 28 Juni 1962 injini ya F-1 iliharibika kabisa kwenye majaribio huko California. Mawimbi ya shinikizo yalizunguka ndani ya chumba mamia ya mara kwa sekunde na kufuta ule utando unaokinga ukuta. Ukuta ukabaki uchi mbele ya nyuzi 3,300. Usichukue hata sekunde kuhesabu.

Wakaunda kikosi maalumu. Hakuna kanuni ya hesabu iliyoweza kuwaambia kitakachotokea, na kompyuta za wakati huo zilikuwa haziwezi. Basi wakafanya jambo ambalo mimi naliona la ushujaa na la kichaa kwa pamoja: walitega bomu dogo ndani ya chumba cha mwako, wakawasha injini, bomu likalipuka kwa makusudi ili kuuchokoza moto, kisha wakapima unachukua muda gani kutulia. Wakabadili vitundu. Wakawasha tena. Wakaweka vizuizi vya shaba juu ya kinyunyizio, vikaigawa sahani katika vyumba 13, mawimbi yasipate njia ya kuzunguka. Wakawasha tena. Majaribio ya injini nzima yalifika 2,000 hivi. Mwishoni, ukiichokoza kwa bomu, ilitulia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kati ya 1967 na 1973 injini 65 za F-1 ziliruka. Hakuna hata moja iliyofeli.

Na kule mwezini kwenyewe, injini ya kuwaondoa wanaanga pale chini ilikuwa kinyume chake kabisa. Msukumo tani moja na nusu hivi. Haikuwa na pampu, gesi ya heli ndiyo iliyosukuma mafuta. Haikuwa na kiwashio, kwa sababu kemikali zake mbili zikigusana tu zinawaka zenyewe. Haikugeuka upande wowote. Haikuwa na mirija, ukuta wake ulikuwa wa lile gogo linaloungua taratibu. Sababu ni moja: hapakuwa na wa kuwafuata. Kila kipande usichokiweka ni kipande kisichoweza kuharibika. Hata hivyo, Julai 1969 Buzz Aldrin aliona kitufe cha swichi ya injini hiyo kimevunjika chomboni, akakibonyeza kwa kalamu ya wino. Huwezi kurahisisha kila kitu.

Nisiivuke hapa pwani yetu bila kuisalimia. Kuanzia 1967 mpaka 1988 Waitaliano, kwa ushirikiano na Wamarekani, walirusha roketi tisa kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilipaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaipa jina la Uhuru. Roketi zote hizo zilikuwa Scout, za baruti ngumu. Hazina pampu, hazina mirija, hazina kimiminika cha kupozea. Baruti yenyewe inaungua kutoka ndani kwenda nje, na ile isiyoungua bado ndiyo inayoukinga ukuta. Kwa urahisi hakuna inayoishinda. Ila ukiiwasha, umeiwasha. Haizimwi, haipunguzwi, haijaribiwi leo ikarushwa kesho.

Ndiyo maana nasema urahisi una aina zake.

Angalia Wamarekani na injini mbili za haidrojeni. Ya kwanza, RS-25, ilitengenezwa kwa ajili ya chombo cha Space Shuttle kilichoanza kuruka 1981. Haidrojeni yake ina baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na kwa sentimita chache tu inakuwa jirani ya moto wa 3,300. Ukuta wa ndani ni wa aloi ya shaba iliyochongwa mifereji 390, kengele ina mirija 1,080. Ni mashine ya ajabu, na bei yake nayo ni ya ajabu. Baadaye kampuni ileile ikatengeneza RS-68 na kujigamba kuwa ina vipande pungufu kwa asilimia 80. Mirija ya kengele waliitupa, wakaweka ukuta unaoungua taratibu. Ilikuwa na msukumo mkubwa kuliko dada yake, ila ilikula zaidi kwa kazi ileile. Iliirusha Delta IV tangu 2002 mpaka roketi hiyo ilipostaafu Aprili 2024.

Mshindi nani? NASA ilipotaka roketi mpya kubwa, ilifikiria RS-68 kwa sababu ni nafuu. Tatizo likaja: ukizipanga kadhaa katikati ya maroketi mawili makubwa ya baruti, joto la majirani linaila ile kengele isiyo na mirija. Wakarudi kwa RS-25, na ndizo zilizoisukuma Artemis I tarehe 16 Novemba 2022. Kilichorahisishwa kwa mazingira fulani kinaweza kushindwa ukikihamisha. Sisi wa Afrika tulioletewa mashine nyingi za msaada hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Tuje kwa hawa wa SpaceX. Aliyekuwa mhandisi wao wa injini, Tom Mueller, alitokea kampuni ya TRW, ambayo ndiyo iliyotengeneza injini ya kushushia chombo mwezini. Injini ile haikuwa na sahani ya vitundu mamia. Ilikuwa na kinyunyizio kimoja tu katikati, kama msumari mnene, kinachomwaga kimiminika kimoja kukikata kingine. Mueller alikuja na wazo hilo kwenye injini ya Merlin.

Merlin ya kwanza ilikuwa na ukuta wa gogo, ili wasihangaike na mirija. Iliruka Machi 2006 kutoka kisiwa kidogo cha Omelek katika Pasifiki na kuwaka moto nje ya injini ndani ya dakika ya kwanza, kwa sababu nati ya alumini ililiwa na kutu ya chumvi, mafuta yakavuja. Nati moja. Watu wa pwani wanaijua hewa ya bahari inavyofanya mabati.

Baadaye wakabadili. Merlin mpya ilipozwa kwa mafuta yake yenyewe. Ikaruka Agosti 2008, safari ya tatu ya Falcon 1, mbili za kwanza zikiwa zimeshindwa. Injini ilifanya kazi vizuri mpaka ikazimwa. Halafu kipande cha chini kikajitenga na cha juu, kisha kile cha chini kikasogea mbele na kukigonga mwenzake kwa nyuma. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya ile mifereji ya kupozea kulikuwa na mafuta yaliyobaki. Injini ilikuwa imezimwa, lakini mabaki yale yaliendelea kutiririka na kuisukuma kidogo. Chini kwenye majaribio hawakuiona nguvu hiyo, kwa sababu hewa ya ardhini iliificha. Kule juu penye ombwe ikatosha kuua safari nzima.

Dawa yake? Hawakubadili hata boliti. Waliongeza sekunde chache za kusubiri kati ya kuzima na kuachana. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo Falcon 1 ilifika kwenye mzunguko. Nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huu wa gharama ya kujua. Marekebisho yalikuwa ya bure, kuyajua ndiko kuligharimu roketi nzima.

Siku hizi kuna printa zinazochapa chuma, tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya Rocket Lab ilirusha mwaka 2017 huko New Zealand roketi ambayo sehemu kubwa za injini zake zilichapwa, na pampu zake zinazungushwa na mota za umeme wa betri. Turbini nje. SpaceX nao Agosti 2024 walionyesha Raptor 3, inayokunywa methani. Kwa hesabu zao wenyewe, Raptor ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 2,080 na msukumo wa tani 185. Hii ya tatu ina kilo 1,525 na msukumo wa tani 280. Ukiweka picha pamoja, ya kwanza ni kama kabati la fundi umeme, nyaya na vibomba kila mahali. Ya tatu inaonekana kama haijamalizika. Vibomba havikupotea. Vingi vimeingizwa ndani ya ukuta wenyewe, na kwa kuwa mafuta yanazunguka humo, hata ngao ya joto ya nje imeondolewa. Ila ukitaka kukarabati kilichofichwa ndani ya chuma, itabidi ukate.

Namalizia na jambo moja lililonigusa kama mtu ninayeishi kwa kuandika. Mwaka 2012 wahandisi vijana wa NASA kule Huntsville waliamua kuifungua F-1 ya zamani waielewe. Michoro ilikuwepo. Nyaraka zilikuwepo. Lakini walipolinganisha na injini yenyewe waligundua kuwa kila moja ilikuwa imetengenezwa kwa mkono, na mafundi walehemu walikuwa na vijimbinu vyao vya kurekebisha hapa na pale, ambavyo hakuna aliyeviandika. Wengi wa mafundi hao walishafariki. Vijana wakalazimika kuipiga chuma picha za vipimo kwa mashine, kipande kwa kipande. Januari 2013 wakawasha tena sehemu yake moja, ile ndogo inayozungusha turbini, na ikanguruma.

Injini iliyopeleka watu mwezini ilikuwa bado ipo mbele yao, nzima. Kilichopotea ni kile kilichokuwa mikononi mwa walehemu. Na wale wa Dora, waliotoboa vitundu gizani, wao hata majina ya wengi wao yalihitaji miaka kutafutwa.

Mafundi wetu wa gereji, wanaotengeneza kwa mkono vipuri ambavyo kiwanda kimeshaacha kuvitoa, nao wana mengi vichwani yasiyoandikwa. Nani anawahoji? Mwenye baba au mjomba wa namna hiyo, akae naye jioni moja na daftari. Kisha anitumie, nitalichapa.